Kijani Ndani ya Jicho la Mayu

Mimi ni fundi baiskeli wa Ng'ambo, huku Unyamwezi. Kemia niliisoma jioni, mikono ikinuka grisi, katika darasa ambalo mbu walikuwa wengi kuliko wanafunzi na mahudhurio yao yalikuwa mazuri zaidi. Nilifaulu. Kwa muda mtaa mzima uliniita profesa. Hata mbuzi wa jirani walinipisha njia.

Somo lililonikaa kichwani lilihusu mwanga. Mwalimu alisema molekuli za rangi fulani zikimeza mwanga, elektroni hupanda ngazi, na molekuli nzima hubaki ikitetema kwa nishati ya ziada. Mtetemo huo hautulii mahali pamoja. Unahama kutoka kwenye muungano mmoja wa atomu hadi mwingine, unasambaa, kisha unamwagikia maji yaliyo jirani ukiwa joto. Ndipo molekuli hutema mwanga uliopungukiwa: imemeza buluu, inatema kijani. Mimi nililielewa kwa gurudumu. Gonga spoku moja, mtikisiko unapita kwenye habu pale katikati, unaingia spoku nyingine, unafika kwenye rimu, na muda si muda huwezi kujua uligonga wapi. Nilipoeleza hivyo darasani, mwalimu alisema, "Fundi kaokoa shule leo."

Sikujua kwamba nitakuja kuuona mwanga huo ndani ya jicho la mama yangu.

Mayu, kama tunavyowaita mama zetu, aliishi Kwihara. Jicho la kushoto surua ililichukua akiwa mtoto. La kulia lilitosha watu wawili: akikaa mlangoni kwake aliweza kukwambia kunguru gani ametua Kitete, kule mjini. Wakati wa mavuno, ncha ya jani la mpunga ikamchoma hilo hilo la kulia. Akafanya kama mama yake alivyofanya, akalidondoshea asali ya nyuki wadogo wasiouma. Kwetu asali hiyo hutunzwa kwenye kichupa kwa ajili ya macho na vikohozi vya watoto. Inawasha, machozi yanatoka, unasema inafanya kazi. Mayu alisema inafanya kazi mpaka jicho likawa jekundu kama nyanya na hakuweza kuvumilia mlango wazi. Jirani ndiye aliyenipigia simu.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba. Umekuja na baiskeli au na elimu?"

"Vyote viwili."

"Basi nipakie kwenye baiskeli. Elimu itatufuata nyuma."

Hospitalini daktari wa macho, mwanamke mpole, alimwambia aweke kidevu kwenye mashine. "Mliweka nini humu?"

"Asali," mayu akajibu. "Safi kabisa, nimeikamua mwenyewe."

"Sina shaka na usafi wa nyuki, mama."

Akagusisha kijikaratasi chenye dawa ya rangi ya chungwa ndani ya kope, akamwambia apepese, akazima taa ya chumba, akawasha ya buluu. Kijani kikawaka. Majani yote ya Unyamwezi baada ya mvua za kwanza yangekionea aibu kijani kile. Nikashindwa kujizuia.

"Mayu, ndicho kile nilichokusimulia. Buluu inaingia, kijani kinatoka."

"Na kile kilichopungua kimekwenda wapi?"

"Kimetetema humo ndani, kimesambaa, kimekuwa joto."

"Mbona silisikii?"

"Ni dogo mno."

Daktari hakucheka. "Kaka," alisema taratibu, "rangi hii inashika pale tu penye kidonda."

Nikatazama tena. Kijani kilikuwa kimejaa karibu kioo chote cha jicho.

Mayu alilazwa, akawa anadondoshewa dawa mchana na usiku. Kila taa ya buluu ilipowashwa nilisimama nyuma ya daktari nikiomba nisikione kitu nilichokisifia. Kikapungua, kikawa kama punje ya hindi, kikawa uzi. Asubuhi kilipokosekana kabisa nilipiga vigelegele, mwanamume mzima, mpaka wauguzi wakaja kuuliza nani kajifungua.

Daktari akawasha taa ya kawaida. Palipokuwa na kidonda pamebaki kovu jeupe, zito kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Akanigeukia mimi. "Kidonda kimepona, lakini kioo kimeziba, na ndani nako kumeharibika..."

"Daktari," mayu akamkatiza, "sema na mimi. Jicho ni langu."

Daktari akavuta kiti akakaa mbele yake. "Hutaona tena, mama."

Mayu akaomba khanga yake, ajifunike mabega.

Sasa anaishi kwangu. Asubuhi hukaa karibu na meza yangu ya kazi, na jua likivuka bati la jirani ananitangazia kabla sijaliona. "Mwanga bado unanifikia," aliniambia siku moja. "Ila unafika ukiwa joto tu, kama ulivyosema." Nilikuwa nimeshika gurudumu. Nikalizungusha bila sababu, nikaliacha lizunguke mpaka likasimama lenyewe.

Jioni moja niliandaa chakula, nikawasha taa kama kawaida.

"Nimesikia swichi," akasema. "Unamwashia nani?"

Mimi sijawahi kukosa mzaha maishani. Nikautafuta, nikaukosa.

"Najiwashia mimi, mayu. Nikuone."

"Haya, iache," akasema, akanielekezea uso.