Nadhiri ya Bibi Mwanasiti

Bibi yangu Mwanasiti alikuwa mnene, na unene wake ulikuwa fahari ya ukoo mzima. Alipopita mitaa ya Makorora na kanga zake mbili zilizopigwa pasi, watu walisema mumewe alijua kutunza, ingawa babu alikuwa amekwisha kufa miaka minane nyuma. Mimi ni mjukuu wake, Sabiha. Mwaka ule wa hamsini na saba nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nimeshachumbiwa na kijana wa mtaa wa Usagara, hapo hapo Tanga, na harusi ilikuwa imebakiza miezi mitatu.

Jambo moja Bibi alilijua kuliko watu wote wa mjini: lelemama. Hii ni ngoma ya wanawake ya kusimama juu ya benchi, mstari mmoja, inayocheza hasa ni mikono na shingo, na maringo ndiyo nusu ya kazi. Bibi alikuwa akisimama wa kwanza na kuanzisha nyimbo. Aliwachezea harusi shangazi zangu wote, akamchezea mama yangu, na mimi ndiye binti wa mwisho niliyebaki. Tangu nikiwa mdogo nililala nikiiwazia siku hiyo, na kusema kweli bwana harusi aliingia katika mawazo hayo baadaye sana. Aliyekuwemo tangu mwanzo ni Bibi juu ya benchi.

Siku ya kwanza ya mazoezi alipanda, akafungua kinywa, na wimbo haukutoka. Alishuka ameshika kifua, jasho linamtiririka, akasema ni riahi, upepo tu wa tumboni. Riahi gani? Sisi tulikuwa tukimwona. Usiku anaamka mara nne kwenda haja. Mchana anamaliza kata tatu za maji na bado ana kiu. Mama alikuwa ameona sisimizi wamejipanga kuelekea chooni, kuufuata mkojo wa Bibi, kama wana harusi yao huko, akanikonyeza, asubuhi tukamburuta Bibi hospitali.

Aliyetupokea ni dresa mmoja, msaidizi wa daktari, aitwaye Rafaeli, Msambaa wa Bumbuli, Mlutheri, mtu wa makamo mwenye mikono mirefu. Wasambaa na watu wa pwani hawaachi kutaniana hata mbele ya maiti.

"Shikamoo, bibi. Nipatie mkojo kidogo kwenye chupa hii."

"Marahaba. Mie n'nakuja na kifua, weye wataka mkojo. Huko kwenu milimani kifua mmekiweka wapi?"

Rafaeli alicheka, akachukua chupa. Alitia matone machache katika dawa ya buluu, akaichemsha juu ya moto. Alitueleza kwamba dawa ikibaki buluu ni salama, ikigeuka kijani kuna sukari kidogo, njano ni ya kujihadhari. Tukaitazama inapita kijani, inapita njano, haisimami. Iliposimama ilikuwa nyekundu ya tofali la kuchoma.

"Rangi nzuri," alisema Bibi.

Daktari wa Kizungu alimsikiliza moyo kwa muda mrefu, akazungumza, na Rafaeli akatafsiri. Mwili, alisema, una dawa yake wenyewe ya kuifungulia sukari iingie nyamani. Lakini kwa watu wazima wengi, hasa wenye miili mikubwa, nyama zimekuwa sugu. Dawa ipo, inaipigia sukari hodi, wenye nyumba hawafungui. Basi sukari inazurura damuni, na ikizurura miaka inachakaza mishipa na kuuchosha moyo.

"Mtu akipiga hodi mara tatu asijibiwe huondoka zake," alisema Bibi. "Sukari hii haina adabu."

Amri zilikuwa tatu. Aache sukari, halua na tende, na wali apunguze. Atembee kila asubuhi, polepole, akihema asimame. Na benchi asilisogelee mpaka moyo usikilizwe tena, kwa sababu akipanda na moyo ule huenda asishuke kwa miguu yake.

Sasa niambie, mwanamke wa heshima wa pwani atembee vipi? Mzungu alidhani ni kutoka tu nje na kwenda. Mtu na akili zake haanzi kutembea bila anakokwenda! Utaulizwa njiani: kwema? Kuna msiba? Nani anaumwa? Ukijibu kwamba unatembea tu, kabla ya adhuhuri mji mzima utakuwa umeshakutafutia mganga. Bibi alilitambua hilo mapema, akalitafutia dawa. Kila asubuhi angekwenda kumwamkia mtu, na mimi nikifuatana naye.

Akaanza na wagonjwa, akawamaliza kwa siku nne. Akaingia kwa wazazi wapya. Walipokwisha, akawageukia wafiwa, na hapo ndipo aibu ilipoanza, maana tulikwenda kumpa mkono mama mmoja wa Usagara ambaye mumewe alikuwa amezikwa miaka miwili nyuma. Yule mama alitutazama, akatafuta uso wa kulia, akakosa, akaamua kuchemsha chai.

Chai ndiyo iliyotuponza. Kila nyumba chai, kila chai vijiko vinne vya sukari, na pembeni kaimati zinazong'aa kwa shira. Kukataa ni kama kumwambia mwenyeji kwamba unaogopa kulogwa. Bibi hakukataa hata mara moja. Alikuwa akinitazama kwa jicho la kuomba radhi, anameza, tunaaga, tunakwenda nyumba ya pili. Nami nilinyamaza, mjinga mimi, kwa kuwa nyumbani hakugusa hata tende, na nikadhani kutembea kutayafuta.

Wiki tatu baadaye Rafaeli alichemsha dawa yake. Tofali. Tena tofali lililoiva kuliko la kwanza. Alikaa chini.

"Bibi, unatembea kweli?"

"Kila siku ya Mungu. Muulize huyu."

"Unakula nini?"

"Kwangu mie? Sili kitu."

Nikashindwa kujizuia, nikacheka, nikasema yote: kaimati, chai, visheti, na yule mjane aliyekosa uso wa kulia. Rafaeli alicheka hadi akafuta macho. Daktari hakucheka. Alisema moyo haujapata nafuu, na siku zinakwisha.

Tulipotoka Bibi alikaa kwenye ngazi za hospitali akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata babu alipokufa alikuwa yeye anayewanyamazisha wenzake. "Sitaki kukufia harusini, mwanangu," alisema. "Watu watakula pilau la harusi na la matanga sinia moja." Alikuwa akitania huku analia, nami nikamkumbatia nilipoweza kufika, nikiogopa kama sijawahi kuogopa.

Jioni hiyo, baada ya kuswali Magharibi, alikaa juu ya msala kwa muda. Aliponyanyuka alitutangazia kuwa ameweka nadhiri kwa Mwenyezi Mungu. Kitu kitamu hakitapita kinywani mwake mpaka Sabiha aingie nyumba ya mumewe. Mama na mimi tulitazamana. Hakuna mwenyeji wa Tanga, awe mkaidi vipi, anayemlazimisha chakula mtu mwenye nadhiri.

Ikawa kama ufunguo. Asubuhi sinia likiletwa Bibi anaweka mkono kifuani, anasema, "N'na nadhiri, mwenzangu," na kaimati zinarudi jikoni kwa heshima zote. Tunapewa chai ya tangawizi isiyo na kitu, tunashukuru, tunaondoka tukiwa wepesi. Bibi alianza kwenda mwendo wa kunitangulia. Kanga iliyokuwa ikimtosha kwa shida sasa ilizunguka na kubaki.

Lakini nadhiri haiulizwi ni ya nini, na jambo lisiloulizwa watu hulijibu wenyewe. Mjane, kila asubuhi yuko barabarani, anapungua mwili, amejinyima utamu. Wanawake wa Makorora walikwisha kulipatia jibu kabla ya Ijumaa: Bi Mwanasiti anataka mume.

Aliyeamini kuliko wote ni Mzee Uweso, mpishi wa halua, mwenyewe amefiwa na mke na tumbo lake linamtangulia kila anapokwenda. Alimtuma dada yake na sinia la halua nyeusi ya lozi, limefunikwa kitambaa kilichotariziwa. Sisi sote twajua maana yake. Bibi akalipokea, akashukuru, na keshoye akalirudisha halijaguswa, kama nadhiri ilivyotaka. Lakini kwa sinia la posa, halua iliyorudi nzima ni jibu, na si jibu zuri.

Mzee Uweso alikuja mwenyewe, amevaa kanzu ya Idi, na hasira mpaka masikioni.

"Bi Mwanasiti, halua yangu inaliwa Mombasa. Imevuka mpaka wa Horohoro inaliwa na makadhi. Weye umeionani?"

Bibi alimkaribisha barazani, akamweleza mambo yote bila kuficha, ya kifua, ya tofali, ya sukari kupiga hodi mwilini isifunguliwe. Nilitegemea Mzee Uweso ataendelea kufoka. Badala yake sura ilimbadilika.

"Na huko kuamka usiku," aliuliza kwa sauti ndogo, "ni mara ngapi?"

"Nne."

"Mie tano."

Bibi alivaa viatu palepale. Mji mzima uliwaona wakienda pamoja, yeye mbele, Mzee Uweso nyuma anahema, na vigelegele vilipigwa kutoka madirishani kwa ajili ya ndoa ambayo haikuwapo. Rafaeli alipochemsha chupa ya Mzee Uweso, iligeuka nyekundu hata kabla moto haujashika sawasawa.

"Basi ndiyo hivyo," alisema Bibi. "Mie siolewi na tofali."

Rafaeli ilibidi aweke chupa mezani asije akaivunja. Mzee Uweso naye, baada ya kuona kwamba atacheka au atalia, akachagua kucheka. Tangu siku hiyo alitembea kila asubuhi, hatua ishirini nyuma yetu kwa ajili ya heshima, na halua yake akaipika bila kuionja, akimwachia dada yake kazi hiyo.

Wiki ya harusi dawa ilisimama kwenye kijani. Niliruka pale pale hospitali. Daktari akasikiliza moyo, akasikiliza tena, akasema umetulia, lakini kusimama saa nzima juu ya benchi, joto la watu na wivu wa waimbaji, hapana. Kutembea na kuimba, ndiyo, polepole.

Siku mbili Bibi alitembea akijaribu nyimbo kwa sauti ya chini. Siku ya tatu aliwaita wenzake wa lelemama akawaambia kwamba benchi halitatolewa. Watamsindikiza bibi harusi kwa miguu, tokea Makorora hadi Usagara, na yeye ataongoza nyimbo njia nzima. Wakapiga kelele. Upande wa bwana harusi umekodi motokaa! Watu watasema hatuna kitu!

"Motokaa itufuate," alisema Bibi.

Ikatufuata. Nilitoka baada ya Alasiri, nimefunikwa nguo gubigubi kama bibi harusi anavyotakiwa, nimeshikwa mikono kulia na kushoto, sioni ila vidole vyangu vyenye hina. Sikuona ngoma, wala watu waliojaa njiani, wala dereva aliyesikika akilalamika nyuma. Nilikuwa na masikio tu, na masikio yangu yalikuwa kwa Bibi. Anaanzisha, wenzake wanaitikia, anaanzisha tena. Kila alipovuta pumzi na mimi nilivuta, na kila alipokawia moyo wangu ulisimama. Waitikiaji walianza kuhema, mmoja baada ya mwingine wakapungua, na nikasikia mlango wa motokaa ukifunguliwa na vikongwe wawili wakiingizwa humo. Sauti ya Bibi iliendelea.

Tukafika. Nilijua kwa harufu ya udi mlangoni. Wimbo ukakatika katikati, na hakuna aliyeitikia. Nikangoja. Kimya. Sikuweza kuvumilia. Nikaifunua nguo usoni mbele ya wakwe zangu wote, kichwa wazi, bibi harusi asiye na haya hata chembe.

Bibi alikuwa amesimama kizingitini kwa miguu yake miwili, anakunywa maji.

"Jifunike, mwana we!" alifoka, akaniwahi kwa mikono miwili. "Watasema tumekuleaje?"

Nikajifunika. Humo ndani ya nguo nililia kwa furaha mpaka wanja ukanipaka uso mzima, na hivyo ndivyo mume wangu alivyoniona mara ya kwanza.