Jeneza Lililogoma Kufunguka

Mtaani walimwita Randa, kwa sababu kifaa hicho cha kulainishia mbao hakikumbanduka mkononi. Tangu ashike msumeno hajawahi kulipua kazi, na sifa hiyo ndiyo iliyomponza.

Binti yake, kitinda mimba, alikuwa akitengeneza filamu yake ya kwanza: makauboi wenye kofia pana, na mwenzao mmoja anayefufuka kulipiza kisasi. Akamwomba baba yake jeneza.

"La kuigiza tu, baba. Misumari miwili inatosha. Kifuniko kikisukumwa kianguke."

"Kazi ya kuigiza mimi siijui, mama."

Akalichonga siku tatu. Kifuniko kilikaa mahali pake hata unyoya usingepita. Siku ya kupiga picha, kinyozi aliyeigiza maiti alisukuma mpaka akachoka. Kamera ilikuwa ya kuazima na ilitakiwa jioni hiyohiyo, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kurudia.

Sasa ilikuwa Jumamosi mchana, na filamu ilikuwa inaonyeshwa. Mwenye ukumbi alikuwa ameshasema: watu wakikaa hadi mwisho, ataionyesha wiki nzima, wakitoka, binti akatafute shughuli nyingine. Randa alikaa karibu na mlango, roho mkononi. Mtoto akiumbuka leo, atakuwa ameumbuliwa na baba yake mzazi.

Kauboi wa kwanza alitokea juu ya punda, maana farasi hakupatikana. Punda akageuka kurudi kwao, na kauboi akazidi kukunja uso kana kwamba ndiko alikokuwa anakwenda. Upepo wa kutisha ukavuma, na feni iliyouleta ikaonekana pembeni na waya wake. Watu wakaguna. Watatu wakainuka kwenda zao. Binti, safu ya mbele, akainamisha kichwa.

Ikafika sehemu ya makaburini. Makauboi wanne wamesimama, bastola mkononi. Jeneza likatikisika. Kimya. Likatikisika tena. Kauboi mmoja akatazama saa yake. Kisha sauti ya kinyozi ikatoka ndani:

"Jamani, huku hewa inaisha."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Makauboi wakaweka bastola chini, wakasaidiana kumfungulia adui yao, wakamnyanyua, wakampangusa vumbi, halafu wakaokota bastola zao na kuanza kumkimbia. Watu walishika mbavu. Wale watatu waliokuwa mlangoni wakarudi kukaa.

"Hata maiti umemtoa jasho, mume wangu," mkewe aliyekaa kando yake alisema, akifuta machozi.

Randa hakucheka. Alikuwa anakitazama kile kifuniko.

Taa zilipowashwa, viti vyote vilikuwa na watu. Mwenye ukumbi akatangaza kuwa wiki nzima ni ya filamu hiyo. Mtu mmoja wa nyuma akauliza, "Jeneza lile katengeneza nani?"

Randa akajikunja kitini. Binti yake akasimama na kumnyooshea mkono.

"Baba yangu. Nilimwomba la uongo. Hajui kutengeneza la uongo."

Ukumbi ukageuka, makofi yakapigwa. Randa akainuka taratibu, akanyoosha shati. Alijivunia mtoto kwanza, na mbao zake pia, wala hakuona haya.

"Lipo karakana," akasema. "Anayebisha aje aingie."