Nyasi za Mahameni

Kondoo jike humpeleki kwa dume akiwa mifupa mitupu. Atapandwa, ndiyo, lakini mimba haitashika, na ikishika itatoka. Hilo nililijua kwa mama yangu kabla sijavunja ungo, wala hakuna bwana mifugo aliyenifundisha. Unashika shina la mkia. Vidole vikizama kwenye mafuta, yuko tayari. Vikigusa mfupa, mrudishe akale.

Mimi nilikuwa na majike ishirini na mmoja na dume mmoja mwekundu. Nasema mimi, siyo sisi. Ng'ombe walikuwa wa mume wangu, pamba ya mume wangu, hata jembe nililolimia alisema lake. Kondoo nilianza na jike mmoja niliyepewa na mama siku naolewa, na hakuna mwanaume aliyethubutu kuchinja hata mmoja bila kuniuliza.

Dume nilimfunga kipande cha ngozi chini ya tumbo mara mvua zikikata, asipande ovyo. Mwanakondoo akizaliwa kiangazi anakufa, mama yake hana maziwa. Nilimfungua tukishamaliza kuchuma pamba, ili wazae mvua zimekolea. Na kabla ya kumfungua, majike walikula mwezi mzima kwenye ngitili yangu. Ngitili ni nyasi unazozizungushia miiba tangu masika, asiingie hata ndama, ziwe akiba ya kiangazi. Yangu ilinifika kiunoni.

Mwaka wa Operesheni ya kutuhamishia vijijini, majike walikuwa wamekula humo siku nne tu balozi wetu wa nyumba kumi alipokuja asubuhi na mgambo mmoja. Balozi mwenyewe alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu.

"Ng'wangaluka, mayu," akanisalimia bila kunitazama.

"Ng'wangaluka. Umekuja kula au kunifukuza?"

"Keshokutwa wote tunahamia kijijini, kule barabara ya Bariadi. Nyumba zinabomolewa."

Nikamwomba wiki tatu. Nikamweleza habari ya majike na dume. Yule mgambo akacheka hadi akashika ubavu. "Mama, hao kondoo wako wana haraka gani ya kuolewa?"

"Mama yako angekubeba na njaa kama mnavyotaka hawa wabebe," nikamwambia, "usingepata hiyo nguvu ya kucheka kwenye nyumba za watu."

Shemeji akainama kuficha meno. Lakini keshokutwa yake paa langu lilishushwa.

Kijijini nyumba zilipangwa mistari kama matuta ya viazi. Nyasi hakuna, ng'ombe wa watu wote walikuwa wamekwisha kukanyaga kila kitu. Jirani niliyepangiwa alikuwa mjane kutoka upande wa Maswa, mwenye kondoo saba. Yeye aliwafungia uani, akawalisha maganda ya viazi tuliyokuwa tukimenya kwa ajili ya michembe, vile vipande vya kukausha, na majani ya marando ya viazi hivyo. Akaniambia, "Dada, maganda yako usitupe. Wape wako."

"Kondoo wangu siyo nguruwe," nikamjibu. Mbele za watu.

Mahameni, kwenye maboma tuliyohamishwa, ruhusa ilikuwa kuchunga mchana, siyo kulala. Basi kila alfajiri niliwaswaga majike kurudi kwenye ngitili yangu. Mwendo wa saa mbili na nusu kwenda, saa mbili na nusu kurudi, jua la kiangazi kichwani, maji mara moja tu njiani. Walikula vizuri, nyasi zilikuwapo. Lakini walichokula walikiacha barabarani. Nilishika mikia kila jioni, na kila jioni vidole vilikaribia mfupa. Mume wangu aliniambia niache. Nikasema nyasi ni zangu, nilizilinda mwenyewe, haziwezi kuliwa na upepo.

Mwezi ulipoisha nilisimama na yule dume nikijua kabisa kwamba hawako tayari. Nikingoja, watoto watazaliwa mvua zinakwisha. Nikimfungua, anapanda mifupa. Nikamfungua. Alifanya kazi yake, maskini, na yeye miguu ilikuwa imechoka.

Wawili walitoa mimba njiani, nikiwaona kwa macho yangu. Wengine hawakushika kabisa. Nilijidanganya kwa matumbo yao hadi mvua za kwanza, nikisema huyu amejaa, yule kiwele kinashuka. Matumbo yalikuwa yamejaa majani mabichi tu.

Januari uani kwa yule mjane walilia wanakondoo sita. Kwangu alizaliwa mmoja, dume, akafa siku ya tatu. Mama yake hakumsimamia hata anyonye.

Mjane hakunicheka. Heri angecheka. Alikuwa akichungulia kwenye ua wa miiba, mtoto wa kondoo kambeba kifuani, na kuniuliza kwa upole, "Dada, wako wamezaa?"

"Bado," nikasema.

Wiki iliyofuata akauliza tena. "Bado." Mahindi yakatoa mbelewele, yakakauka, tukavuna, na mimi bado nasema bado. Mume wangu akaanza kuchinja majike wakongwe, mmoja mmoja, na safari hii hakuniuliza. Siku moja yule mjane alichungulia, akanitazama, akaniuliza habari za wanangu tu, ya kondoo hakugusia, akaenda zake.