Baiskeli ya Gia Moja Jumapili ya Mavuno

Mgeni wangu alinipa baiskeli siku niliyotegemea bahasha. Sisi tunaoendesha magari ya watalii Karatu tunaijua vizuri saa ya kuagana: mgeni anashuka, anakupa mkono wa kulia, na wewe macho yako yako kwenye mkono wa kushoto. Huyu mikono yote miwili ilikuwa imeshika usukani wa baiskeli. Alikuja nayo kutoka kwao ikiwa imefunguliwa na kufungwa kwenye boksi, akazunguka nayo wiki nzima kwenye njia za mashambani, mimi nikimfuata na gari nikiwa nimembebea maji ya kunywa. Sasa alikuwa anaondoka na hakutaka tena taabu ya boksi. Akanikumbatia, machozi yakimlengalenga, akasema ananiachia kitu anachokipenda kuliko vyote. Nilimshukuru kwa Kiingereza changu cha chuo, na moyoni nikasema kwa Kiswahili maneno ambayo siyaandiki hapa.

Ilikuwa baiskeli ya milimani, nyeusi, yenye magurudumu makubwa na tairi nene zenye meno. Haikuwa na madigadi wala kengele. Na ilikuwa na gia moja tu. Nilimuuliza kama zile nyingine ziliharibikia njiani. Alicheka, akanieleza kwamba kwao baiskeli zina gia nyingi mno, zinamchosha mtu akili, kwa hiyo wenye uwezo siku hizi wanalipa zaidi ili wauziwe isiyo nazo. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mimi nimekulia katika wilaya ambayo kila baba alikuwa na baiskeli ya gia moja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa kwamba ni tajiri.

Nikaipeleka kwa fundi baiskeli wa pale sokoni aniteremshie siti. Aliipindua miguu juu, akazungusha gurudumu la nyuma, akainama kuchungulia, kisha akakaa chini kama daktari mwenye habari mbaya.

"Kaka, umepigwa."

"Sikununua. Nimepewa."

"Basi aliyekupa ndiye aliyepigwa. Akaona aibu kurudi nayo kwao."

Akajitolea kunitafutia gia, anifungie zote, niwe mtu kama watu. Nilipomwambia kwamba ndivyo ilivyotengenezwa, makusudi kabisa, waliokuwa wakisubiri zamu wakaingilia kati, maana Karatu hata pancha haizibwi bila kamati. Mmoja alisema ni ya majaribio. Mwingine alisema wazungu wanatuletea vitu nusu kwa sababu hatulalamiki. Nilifungua mdomo kuwaeleza habari za akili kupumzika, nikajisikia nilivyo mpumbavu, nikaufunga.

Nyumbani hali haikuwa bora. Mke wangu alivumilia wiki ya kwanza akidhani nitaiuza.

"Baba watoto," akaniambia hatimaye, "wenzangu wa kwaya wananiuliza kama umefukuzwa kazi."

"Waambie nafanya mazoezi."

"Nimewaambia. Ndiyo maana sasa wananiuliza unaumwa nini."

Nilimwelewa. Mtu akishuka kwenye gari kubwa la watalii, hatua inayofuata ni pikipiki yake mwenyewe, kisha kiwanja, kisha gari lake. Kupanda baiskeli ni kurudi alikotoka baba yako, na kurudi huko huku umevaa kofia ya plastiki yenye matundu ni kumtukana kabisa.

Lakini wao hawakai mbele ya gari. Kazi yangu ni kukaa mbele, na watu wako nyuma. Tangu getini, kupandisha msituni, mpaka kuteremka shimoni Ngorongoro, nyuma yangu kuna sauti. Faru yuko wapi? Mbona yuko mbali? Simba atakula saa ngapi? Kana kwamba mimi ndiye ninayempikia. Redio inanung'unika, bosi anapiga simu, mgeni mmoja anataka kukojoa mahali penye fisi. Na mimi nacheka tu, kwa sababu kucheka kumo kwenye mkataba. Ikifika Ijumaa mashavu yananiuma.

Siku ya kwanza niliipanda kwa hasira. Nilikuwa nimeshusha familia iliyomwona faru, ikamwona vizuri, halafu ikaninunia kwa kuwa hakugeuka. Nikatoka mjini, nikashika njia ya vumbi ya kuelekea Rhotia, na kabla sijafika mbali hasira ilikuwa imepotea. Yale magurudumu makubwa yanapanda juu ya jiwe bila kukuuliza. Yanavuka mitaro iliyochimbwa na mvua, na wewe unasikia tu mwili umeinuka na kushuka. Na ile gia moja, Mungu ambariki aliyeifikiria, haikupi la kuchagua. Mlima ukija unasimama juu ya pedeli na kukanyaga. Ukikushinda unashuka na kusukuma. Hakuna mjadala, hakuna lawama. Na kwenye mteremko wa kule kwenye mikaratusi unaacha kukanyaga, upepo unaingia kwenye shati, na nyuma yako hakuna mtu hata mmoja. Siku ile nilijisikia naimba, na mimi si mwimbaji. Mke wangu ndiye mwimbaji.

Nilijaribu kumweleza haya mlinzi wa loji tunakolaza wageni, Mmasai wa Olbalbal. Alisikiliza kwa adabu. Kwao, akasema, watu wanatembea na ng'ombe kutwa nzima kutafuta maji, na jioni wanamshukuru Mungu kwa kukaa chini. "Wewe Mungu amekupa kiti chenye mto," akasema, "halafu siku ya kupumzika unatoka jasho na hata ng'ombe huna." Nilijua tu kwamba naipenda baiskeli ile kuliko nilivyothubutu kumwambia mtu, na kwamba nikiipoteza nitabaki na mashavu yanayouma.

Aliyeongoza kwa kunicheka alikuwa baba mkwe wangu. Ni mkulima wa Rhotia, mahindi, maharage na mbaazi, mzee mkavu asiyepoteza maneno. Mara ya kwanza kuiona aliizunguka, akaipiga tairi teke, akasema "Hm," kisha akacheka mpaka akakohoa na kuletewa maji. Tangu hapo kila tukikutana kanisani alinisalimu kwa swali moja: "Mkwe, mwenyewe hajaifuata?"

Sasa nifike kwenye Jumapili ya mavuno. Anayesali makanisa ya kwetu anaijua siku hiyo. Kila nyumba inatoa sehemu ya ilichovuna, vitu vinapangwa kando ya ukuta, vinaombewa, na baada ya ibada vinapigwa mnada pale uwanjani. Siku hiyo tulikuwa tunasali Rhotia, kwa wazazi wa mke wangu. Yeye na watoto walitangulia na gari la jirani. Mimi nikasema nitawakuta, nikapitia njia ndefu, kwa sababu asubuhi ilikuwa nzuri na mimi ni mtu wa tamaa. Nikafika nyimbo zimeshaanza. Ukuta wote wa mbele ulikuwa umejaa pikipiki za waumini, nikaona upenyo ukuta wa kando, karibu na magunia. Nikaiegemeza baiskeli hapo, kati ya gunia la mbaazi na jogoo aliyefungwa miguu, nikaingia kwa kunyata.

Kosa lenyewe ndilo hilo. Anayetaka kucheka na acheke.

Mahubiri yalikuwa ya kawaida mpaka katikati. Hapo mchungaji akachungulia dirishani, kule kwenye magunia, akafuta miwani, akasema kwamba mavuno si mahindi tu. Kuna ndugu yetu hapa, akasema, hana shamba, lakini leo ametoa miguu yake mwenyewe. Nikageuka na wengine wote kumtafuta huyo ndugu. Nilipogeuka nikakuta kanisa zima linanitazama mimi.

"Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri," akasema mchungaji, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka jogoo akaitikia kutoka nje.

Nilimtafuta mke wangu kwenye kwaya. Yeye peke yake alijua kwamba sijatoa kitu. Angeweza kusimama na kusema, naye ni mzaliwa wa hapo, wangemsikiliza. Alisimama kweli. Akaanza kupiga makofi, na hakuna aliyepiga kwa nguvu kumzidi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Tulipotoka nje, baiskeli yangu ilikuwa imefungwa ua la karatasi kwenye usukani, imeshaombewa pamoja na maboga. Nikamfuata mke wangu pembeni.

"Umenifanyia nini?"

"Mimi? Wewe ndiye uliyeiweka kwenye sadaka."

"Basi nitaipigia bei mwenyewe niikomboe."

Akanishika mkono na kuushusha, maana ulikuwa umeshaanza kupanda. "Umempa Mungu sasa hivi, unataka kumnyang'anya mbele za watu? Mbele ya baba yangu?"

Lilikuwa limebaki tumaini moja. Kwenye mnada ule mtu akinunua kitu si lazima aende nacho. Anaweza kumpa mchungaji, au mjane, au akamrudishia aliyekitoa kiwe baraka. Nikaanza kuomba, na ndiyo sala ya kweli niliyosali siku hiyo, kwamba ipate mnunuzi mwenye moyo huo.

Mzee wa kanisa aliyeendesha mnada aliimaliza haraka habari ya kuku na mayai. Alipofika kwenye baiskeli akaitangaza kwa uaminifu: gia moja, kengele haina. Watu wakacheka. Vijana wa bodaboda wakaanza kupandishiana bei kwa utani, kila mmoja akiogopa kushinda. Kisha sauti kavu nyuma yangu ikataja bei iliyowanyamazisha wote. Sikuhitaji kugeuka.

Baba mkwe alipita katikati ya watu, akalipa, akaishika baiskeli na kuisukuma mpaka nilipokuwa nimesimama. Moyo wangu ukapaa. Kumbe mzee ananipenda, nikajisemea. Kumbe ule mzaha wote ulikuwa upendo. Nikanyoosha mikono kupokea.

"Shika siti," akasema. "Ni ndefu hii. Nishikie nipande."

Nikashika. Akavua koti, akampa mke wangu, akapitisha mguu juu taratibu. Mtu mmoja akauliza kwa sauti kama mzee anaipeleka kwa mchungaji.

"Mchungaji ana gari," akajibu. Kisha akasema bila kumtazama yeyote, kwa Kiswahili chake kizito chenye Kiiraqw ndani: "Mimi baiskeli nimepanda tangu ujana. Nyuma nimeweka mahindi ya kwenda sokoni. Nimeweka maharage. Nimeweka madumu ya maji mwaka wa ukame. Nimemweka mama yenu, ana uchungu wa huyu, njia ni tope, analia, mimi nasukuma na mimi nalia." Akamwonyesha mke wangu kwa kidevu. "Nyuma yangu hapajawahi kukosa mtu au kitu, hata siku moja. Leo nataka nione wepesi wake."

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa amelikumbatia lile koti kifuani, na uso wake haukuwa tena wa mtu aliyeshinda.

Mbele yetu njia ilikuwa inateremka mpaka kwenye mashamba, tupu, nyekundu, ile ile niliyokuja nayo asubuhi nikiimba. Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na haki zote za kukasirika, na hasira haikuja. Mzee aliweka mguu wa pili kwenye pedeli, akakanyaga, na baiskeli haikwenda. Akakanyaga tena.

"Baba watoto," mke wangu akaniambia kwa sauti ya chini. "Mwachie."

Ndipo nilipoona kwamba mikono yangu yote miwili bado imeing'ang'ania siti. Nikaachia.