Kilio Kisicho na Maiti

Mume wangu anaisimulia habari hii kama kichekesho. Chupa mkononi, marafiki wamekaa duara, naye anapaza sauti: "Bibi yangu huyu alinililia niko muzima! Alikaa chini na bamama ba kilio!" Wanacheka mpaka wanashika matumbo. Kila mara anaifupisha zaidi, na kila mara mimi natoka mle ndani kabla sijamrushia kitu. Basi naiandika mimi, na sitaifupisha.

Juma lote yeye yuko Kasumbalesa, mpakani, anapitisha mizigo ya watu forodhani. Maisha yake ni malori. Huko ndiko alikoliona lile gari, limetoka Japani, limeshushwa Dar, limepanda mpaka kwetu mgongoni mwa lori. La buluu, usukani kulia, lina turbo, na bomba lake la moshi linakoroma kama mgonjwa. Alilileta nyumbani mimi nikiwa na mimba kubwa. Nilimuuliza mtoto atakaa wapi. Akanionyesha kiti cha nyuma, ambacho hata mfuko wa unga unakaa juu yake kwa shida.

Ana marafiki wenye magari ya namna ile ile. Mmoja ana gereji, mwingine ni mtoto wa tajiri, amezaliwa kwenye villa za mtaa wa Golf na hajui afanye nini na Jumapili yake. Hawana kombe wala zawadi. Wanachagua barabara ya udongo, wanamwomba chifu wa pale ruhusa, kisha wanakimbiza gari moja moja huku mtu akishika saa. Wanaachiana nafasi ili vumbi litulie. Anayefika haraka zaidi anajisifu mpaka Jumapili nyingine. Ni hivyo tu. Kwa hilo tu wanaweza kufa.

Jumapili ninayoisema ilikuwa mwisho wa kiangazi, wakati porini kote kunachomwa na moshi hautoki angani. Jua lilikuwa kama sahani ya shaba, ungeweza kuliangalia bila kufinya macho. Alitaka nikae naye mbele nimsomee kona zinazokuja. Nikamwambia ninanyonyesha, anaumwa kichwa? Akasema basi njoo uangalie. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimechoka kukaa nyumbani nikisubiri simu.

Tuliacha lami ya njia ya Kasenga, tukaingia barabara nyekundu kati ya vichuguu virefu kuliko nyumba. Kwenye kona moja mbaya, inayojikunja pale pale unapodhani imekwisha, kulikuwa na nyumba ya matofali ya udongo. Mbele yake, kando zote mbili za barabara, matawi mabichi yamelazwa. Na mbele ya nyumba, wanawake wengi wamekaa chini.

"Unaona?" mume wangu akasema, amefurahi. "Bantu bamefika mbele yetu. Banataka kuona motokari."

Akasimama. "Shuka hapa, mama mutoto. Hapa njo pazuri. Utaniona nikiingia kona."

"Na ukitoka mu barabara?"

"Siwezi. Asubuyi tulikuja kuweka alama." Akanyooshea matawi kidole. "Tukiona matawi, tunakanyaga breki. Nyuma ya kona iko kichuguu nguvu sawa ukuta."

Akawapigia wale wanawake honi, akawapungia mkono. Hakuna hata mmoja aliyempungia. Akageuza, akaenda kule wanakoanzia, mbali, ambako simu haishiki.

Nikasogea na mtoto wangu mgongoni. "Yambo, bamama."

"Yambo, mama," wakajibu, chini chini. Mmoja akasogea kunipa nafasi kwenye mkeka. "Ikala. Pole, mama."

Nilidhani ananipa pole ya jua. Nikakaa. Kisha nikaanza kuona. Miguu yote ilikuwa imenyooshwa mbele, viatu vimevuliwa, vitambaa vya kichwa vimefungwa kiunoni. Kulikuwa na moto mkubwa mchana ule wa joto, na sufuria juu yake ambayo hakuna aliyeikoroga. Watu hawakai hivyo kungoja magari.

Nikamnong'oneza jirani yangu, mama mnene mwenye kovu kidevuni. "Ni nani alikufwa?"

"Hatujajua."

"Namna gani, hamujajua?"

"Tulilamuka asubuyi, tukaona matawi. Tukakuja."

"Na mwenye nyumba anasema nini?"

"Anasema kwake hakuna mutu alikufwa." Akaangalia barabara. "Lakini matawi iko."

Kila mtu wa kwetu anajua kwamba matawi mbele ya nyumba ni kilio. Ukiyaona unapunguza mwendo, unazima muziki. Hata mjini ni hivyo. Lakini mume wangu ni mtu wa malori. Kwa watu wa malori, tawi barabarani ni kitu kimoja tu: mbele kuna gari limeharibika, punguza. Ameyaona maelfu kule Kasumbalesa, na siku ile asubuhi, akiwa na panga na rafiki yake, hakuinua hata kichwa kuona kwamba anayalaza mlangoni mwa mtu.

Mwenye nyumba alikaa mbele ya wote. Hakuwa akilia. Alishika simu ndogo kwa mikono miwili kama mtu anayelinda kifaranga. Jirani yangu akaniambia: ana mtoto mwanamume mmoja, anachimba mawe Kolwezi, kwenye mashimo, na tangu jana simu yake haipiti.

Nikasimama. "Bamama, munisamehe. Ile matawi, ni bwana yangu njo aliweka. Ni ya muchezo. Ni ya motokari."

Mwenye nyumba akainua macho.

"Bwana yako?"

"Ndiyo, mama."

"Nani alimutuma?"

"Hakuna mutu alimutuma. Ni alama ya kona."

"Barabara yote hii," akasema polepole, "namna gani alijua nyumba yangu?"

Ningemwambia kona ndiyo iliyokuwa mlangoni mwake, lakini nilipolisikia jibu hilo kichwani likanitisha hata mimi.

Nikaomba namba ya mtoto wake, nikapanda mteremko wa kichuguu mpaka simu yangu ikashika. Ile sauti ya mwanamke ikaniambia kwa Kifaransa kwamba mtu huyo hapatikani. Nikarudia. Sauti ile ile. Wanawake wote walikuwa wamenigeukia. Nikarudia tena, na safari hii ikalia, na mwanamume akasema "Allô?" huku nyuma muziki ukipigwa.

Nilimwita mama yake, akapanda mbio, nikampa. Akaishika mbali na sikio, kama inachoma.

"Ni weye?"

"Ni miye, mama. Simu ilizimika, hakukuwa moto ya kuchaji. Juu ya nini unalia?"

"Silii. Unafanya nini?"

"Nakula bukari."

"Kula," akasema, akanirudishia simu. Hakujua kuikata.

Tukashuka, nikadhani yamekwisha. Nilifunga mtoto vizuri, nikaokota mfuko wangu, nikangoja wainuke. Hakuna aliyeinuka. Mwenye nyumba alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, kisha akaniangalia, na katika yale macho mlikuwa na huruma ambayo sikuitaka.

"Basi, mama," akasema. "Hii kilio haina yangu."

Vichwa vikanigeukia kimoja baada ya kingine. Mwenye kovu akasogea, na aliyekuwa mbele yake akasogea, mpaka nafasi ikafunguka pale mbele, pale anapokaa mwenye msiba.

"Kuya huku mbele," akaniambia kwa upole kabisa.

"Miye? Hapana! Bwana yangu ni muzima. Nimetoka naye sasa hivi." Nilikuwa napiga kelele. "Tutoshe tu hii matawi mu barabara, tutupe mu pori, kila mutu aende kwake!"

"Tosha," akasema mwenye nyumba. "Weye njo mwenyewe ya matawi."

Nikaenda barabarani. Nilishika tawi la kwanza, majani yake yameanza kunyauka, yana joto kama mkono wa mtu. Nikaliinua. Na hapo ndipo niliposikia, mbali, injini ya kwanza.

Ile barabara kabla ya kona ni nyoofu, wanaikimbia yote bila kuachia mguu. Wanachongoja kuona ni matawi. Wasipoyaona hawakanyagi breki, na kichuguu kiko pale. Injini ikazidi kukaribia. Nililirudisha tawi chini. Hata nililinyoosha, likae vizuri, lionekane.

"Siwezi," nikasema. "Nikiitosha, mutu atakufwa."

Mwenye nyumba akaitika kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeambiwa saa ya maziko.

"Njo ile tunasema," akasema mwenye kovu.

Nikakaa pale mbele. Miguu niliinyoosha kwa sababu ya mtoto, nilimshusha mgongoni akalala juu ya mapaja yangu. Hivyo ndivyo ninavyojiambia.

Gari la kwanza likaja, likaona matawi, likaserereka kwenye kona na kuturushia kokoto. Vumbi likatufunika wote. Hakuna mwanamke aliyefunika uso. Baada ya kitambo likaja la pili, vivyo hivyo. Siku ile hapakuwa na upepo, vumbi liligoma kushuka. Lilining'inia pale juu yetu, jekundu, na hata nyumba iliyo nyuma yetu ikapotea ndani yake.

Ndipo walipoanza kuimba. Chini sana, midomo imefungwa nusu. Ni wimbo wa kilio, nimeusikia tangu utoto, una mahali ambapo unatia jina la marehemu. Walipofika mahali pa jina wakanyamaza wote pamoja, pumzi moja, kisha wakaendelea. Wakazunguka tena. Wakafika pale. Wakanyamaza.

Mwenye kovu akaniinamia. "Bwana yako jina yake nani?"

Nikamfunika mtoto kichwa.

"Mama. Jina."

"Sisemi."

Hakukasirika. Wakaimba, wakafika pale, wakapaacha wazi.

Mume wangu alikuwa wa mwisho. Injini yake naijua, naisikia toka mwisho wa mtaa wetu mtoto akiwa amelala. Ikaanza mbali, ikapanda, ikapanda tena, ikaingia ile sehemu nyoofu. Nikasimamisha shingo. Kisha ikakatika. Sikusikia breki wala kishindo. Ilikatika kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya neno.

Wimbo nao ulikuwa umefika mahali pake. Haukuendelea.

Walinigeukia wote. Mtoto wangu akaamka, akafungua macho, hakulia. Mke wa mtu akianza kulia kilio anaanza kwa kumwita mumewe kwa jina, hilo kila mtu analijua, na mimi jina lilikuwa limefika nyuma ya meno. Nililiuma. Niliuma mdomo mpaka nikasikia ladha ya damu. Nilikuwa na hakika kwamba nikilitoa, wataliokota, watalitia pale lilipokosekana, na kazi itakuwa imekwisha. Sijui nilikaa vile muda gani. Na hata hapa sitaliandika.

Akatokea ndani ya vumbi kwa miguu. Mwekundu toka kichwa mpaka viatu, kofia ya mbio bado kichwani, anatembea kama mtu aliyeshushwa toka safari ndefu. Alipotukaribia akapunguza hatua. Kwa mara ya kwanza alikuwa anatuona bila kioo cha gari. Aliona miguu iliyonyooshwa. Aliniona mimi mbele.

Akavua kofia. "Nani alikufwa?" akauliza, kwa sauti ya heshima.

Mwenye nyumba akanyooshea matawi kidole.

"Tosha bintu byako," akasema.

Akayakusanya. Hakubisha, hakucheka, tawi kwa tawi akayapeleka porini. Aliporudi, wanawake walikuwa wamesimama, wanakung'uta vitenge. Wakajipanga. Wakapita mbele yangu, na kila mmoja akanishika mkono.

"Pole, mama."

"Asante."

"Pole sana, mama. Kaza roho."

"Asante, mama."

Yeye amesimama nyuma yangu, mzima, anapumua, nasikia pumzi yake. Nao hawakumwangalia, walimpita kama unavyopita nguzo ya mlango. Mwenye nyumba alikuja wa mwisho, akaniwekea unga wa mahindi kwenye ncha ya kitenge changu, akaifunga fundo. Ndivyo anavyofanyiwa mwenye msiba. Nikapokea.

Gari lilikuwa limesimama katikati ya barabara, mbali kidogo na kona, halina hata mkwaruzo. Anasema injini ilijizima yenyewe. Rafiki yake wa gereji alipofika akaingiza ufunguo, likawaka mara moja. Wamelifungua mara mbili tangu siku hiyo, hawajaona ubaya wowote. Hiyo sehemu haimo kwenye kichekesho chake.

Tukashika njia ya kurudi mjini. Tulipofika lami akapata sauti.

"Juu ya nini uliitika? Banakupa pole, weye unasema asante! Niko muzima, mama mutoto! Niko hapa!"

"Nilisikia motokari yako inanyamaza," nikamwambia.

"Na sasa?"

"Uza."

Akapiga usukani. Akasema mimi ni mjinga, nimekubali mambo ya bantu ba mugini, watu wa kijijini, nimempa mkosi. Mimi! Yeye aliyelaza matawi kwa mkono wake!

Juma lililopita alirudi toka Kasumbalesa na roli la utepe wa plastiki, mwekundu na mweupe. Akanifunulia kwa furaha, kama mtu aliyeleta dawa ya mtoto: sasa hakuna mutu atachanganya tena. Anafikiri shida ilikuwa majani.

Nilimwambia mbele ya mama yake, ili asije akasema hakusikia: siku atakapouza lile gari, nitapanda pikipiki na mtoto mgongoni, nitakwenda mpaka kwenye ile kona, nitamshika kila mwanamke mkono na kumrudishia pole yake, na unga nitamrudishia mwenye nyumba. Kabla ya hapo sirudishi kitu. Mama yake aliinamisha kichwa, akaendelea kuchambua maharagwe. Yeye alitoka nje. Nikasikia anafungua boneti.