Namba ya Kesho na Magunia Ishirini ya Mama

Siku moja siisahau, mwanangu, hata harufu yake bado ninayo puani: harufu ya gundi ya viraka kwenye kibanda cha Fundi Severini pale Mlabani. Fundi alikuwa anaziba pancha ya saba ya wiki hiyo kwenye baiskeli yangu. Mke wangu husema zilikuwa mbili, lakini yeye hakuwepo. Basi Fundi akainua uso, akatazama huku na huku kama mtu aliyekabidhiwa siri ya serikali, akaniambia kwamba huko chuo kikuu kuna watu wanasomea hesabu za fedha, na siku ya kuhitimu kila mmoja wao huitwa peke yake chumbani akanong'onezwa namba. Namba moja tu. Ukiwa nayo unajua bei ya kesho ya kitu chochote, kuanzia dhahabu hadi dagaa. Ndiyo maana, akasema, watu hao wamepigwa marufuku kukanyaga sokoni. Wakitaka nyanya wanamtuma mtu. Shemeji yake aliwahi kumwona mmoja stesheni. Msomi huyo aliuliza tu bei ya ndizi, na mama muuza ndizi akabeba sinia lake akatoka mbio.

Niliamini. Tena sikuamini kidogo kidogo, niliamini kwa mwili mzima. Miaka ya tisini ndiyo kwanza inaanza, nina umri wa miaka ishirini na tatu, elimu yangu darasa la saba, na kazi yangu ni kubeba mpunga Kivukoni: gunia linavuka mto na pantoni kutoka Lupiro, mimi nalishusha, mimi nalipandisha kwenye gari. Nilikuwa nimeshabeba, kwa makadirio ya chini, mpunga wa kulisha bara zima. Nikajiambia, Thadei, ile namba lazima uipate.

Nakuandikia haya kwa sababu juzi umekuja na barua yako ya kuchaguliwa, ukaniuliza kama shahada hiyo ni ngumu na kama ina faida. Kwanza tulia nikueleze niliifikiaje.

Nilianza shule ya jioni. Mchana Kivukoni, saa kumi na moja darasani, mgongo bado una vumbi la pumba. Darasa lilikuwa na mbu wengi kuliko wanafunzi, na wale mbu walihudhuria vizuri kutuzidi. Baadhi yao nadhani walifaulu. Wengi tulioanza pamoja waliacha, wengine kwa kilimo, wengine kwa ndoa. Mimi sikuacha, maana wao hawakuijua habari ya namba. Miaka ikapita, nikafanya kidato cha nne, nikafanya cha sita, na mtu mzima mwenye ndevu nikapokelewa chuo kikuu, shahada ya hisabati na fedha. Siku hizi mmeiongezea jina, lakini ni ile ile.

Na ilikuwa tamu, mwanangu, usitishwe na mtu. Tulifundishwa takwimu, tukafundishwa hesabu za uwezekano, tukafundishwa namna ya kujua fedha utakayopewa mwakani ina thamani gani leo, na namna ya kupima hatari ya mali kushuka bei kabla hujaiuza. Mtu aliyebeba magunia hesabu hizo zinamwingia haraka, kwa kuwa anajua uzito ni nini. Hivyo ndivyo nilivyojidai kwa wenzangu. Shika maneno hayo, yatanirudia.

Mwaka wa pili ulipokwisha nikarudi nyumbani likizo. Nilikuwa na kaunta buku langu ambamo tangu enzi za pantoni niliandika kila wiki bei ya gunia la mpunga, miaka sita mfululizo. Nikalifungua mezani kwa mama, nikachora mstari, nikapiga mahesabu kurasa kumi na moja, na jibu likatoka safi kama sahani iliyooshwa: gunia linalouzwa mwezi wa saba, ukilishikilia hadi mwezi wa tisa, bei yake inapanda kwa theluthi.

Sasa mama alikuwa na magunia ishirini uani, yamefunikwa turubai. Ada yangu ya mwaka wa tatu ndiyo ilikuwa humo. Kwa bei ya mwezi wa saba yangetosha ada na sabuni, basi. Wenye mashine za kukoboa walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wananunua. Nikamwambia mama asiuze hata moja, asubiri malori ya mwezi wa tisa. Tutalipa ada, na kitakachobaki tutaezekea bati jiko lake.

Mama yangu hakuwa mwongeaji. Alilitazama lile daftari, akauliza swali moja.

"Gunia lipi?"

Nikacheka. Nilicheka kicheko cha msomi, mwanangu, kile cha puani. "Mama, gunia ni gunia."

Hakubishana. Akawaambia wenye mashine hauzi.

Mwezi wa tisa malori yakaja. Tajiri mmoja mwenye kofia ya kitambaa akasimamisha lake mbele ya nyumba yetu, akataja bei yake kwa gunia. Ilikuwa theluthi juu ya bei ya mwezi wa saba. Kamili. Hata shilingi haikupinda. Nilicheza pale uani mpaka kuku wakahama. Nikamwita Fundi Severini aje ashuhudie, akaja, akanishika mkono kwa heshima akasema sasa wamekaribia kuninong'oneza.

Kisha vijana wa tajiri wakaanza kazi. Wakalifungua gunia la kwanza. Wakamimina juu yake mpunga wa gunia la pili, debe moja, debe lingine, likafurika, wakalisukia kichwa cha kamba kwa juu kama kilemba. Lumbesa. Debe nane mahali pa debe sita.

Nikamwambia tajiri, "Mzee, gunia limeshajaa."

"Kijana, wewe si wa hapa?" akaniuliza. "Gunia la lori ndilo hili. Bei niliyotaja ni ya hili."

Wapagazi wenzangu wa zamani waliokuja kutazama wakaanza kukohoa vikohozi vya kicheko. Maana nani asiyejua? Mwenye mashine wa hapa mjini hununua gunia bapa, lililofungwa mdomo. Mwenye lori hununua lumbesa. Mimi nilikuwa nimebeba yote mawili kwa miaka. Lile la lori lilikuwa linanipinda kiuno. Mgongo wangu ulijua. Lakini kwenye kaunta buku, bapa niliandika gunia moja na lumbesa nikaandika gunia moja, kisha nikachora mstari juu yake na kuuita elimu.

Magunia ishirini yakawa kumi na tano. Ukichukua kumi na tano ukayauza kwa theluthi zaidi, unapata kile kile ulichokataa mwezi wa saba. Ungekuwa mchezo wa bure tu, kama si panya, ambao kwa miezi miwili chini ya turubai walikula karibu lumbesa nzima. Yakatoka kumi na manne. Ada haikutimia. Chuo kikafunguliwa bila mimi.

Mwaka mzima nilirudi Kivukoni. Wenzangu walinipenda sana mwaka ule, sijawahi kupendwa hivyo. Kila pantoni ikigota ng'ambo yetu wanaita, "Profesa, njoo ushike huku kwenye kichwa. Hili kesho bei gani?" Nami nikashika. Ila safari hii nilikuwa na debe langu. Kila mzigo uliopita nilimwuliza mwenyewe, kwa shikamoo au kwa sigara, gunia lake ni debe ngapi, nikaandika. Daftari lile jipya ndilo nililoandikia utafiti wangu wa mwaka wa tatu, na mwalimu aliyeusahihisha aliniita ofisini akaniuliza haya mambo nimeyatoa kitabu gani. Nikamwambia nimeyatoa kiunoni.

Kwa hiyo nenda kasome, mwanangu. Shahada hiyo ni nzuri na kichwa chako kinaiweza. Mimi niliiweza nikiwa na cha magunia. Zile hesabu hazidanganyi, nazo hazikunidanganya mimi. Lakini kila namba watakayokuwekea mezani, kabla hujaichorea mstari, uliza imetoka mikononi mwa nani na ndani yake mna nini. Uliza hata kama darasa zima linaona swali lako ni la kishamba. Na siku mtu asiyesoma atakapokuuliza swali fupi, funga daftari kwanza ndipo ujibu. Mungu akutangulie kwenye safari hiyo, akupe walimu wenye subira na chumba kisichovuja, akurudishe kwetu na akili yako ikiwa imeongezeka na masikio yako yakiwa bado yapo.

Nimebakiza jambo moja. Asubuhi ya kurudi chuoni, baada ya mwaka ule, mama alikuwa ananifungia mchele wa njiani kwenye kitambaa. Mwaka mzima hakuwa amegusia habari ya magunia. Mimi, kwa kutaka kumfariji, nikamwambia asijali, ile namba nadhani wanaitoa mwaka wa tatu, na wakishanipa hatutakosea tena.

Akaacha kufunga fundo.

"Baba," akasema, "hakuna namba inayojua kesho. Na gunia lilikuwa hapa uani tangu mwezi wa saba, hukulipima."