Mayai ya Mama Yaliyoshtakiwa

Mlio huo ninausikia mpaka leo, mwanangu: sahani ya bati ikisukumwa juu ya sakafu ya saruji. Krrr. Haikusukumwa kwa hasira. Ilisukumwa polepole, kwa adabu, kama mtu anavyomrudishia jirani kitu alichoazima. Juu yake palikuwa na yai la kuchemsha, limemenywa, limenyunyiziwa chumvi kidogo. Aliyeisukuma ni bibi yako, mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa anameza dawa za kifua kikuu na mikono yake imebaki mifupa.

"Sili," akasema. "Mpe paka."

Najua nasaha huandikwa na wenye mvi. Mimi nilikuwa na unywele mmoja mweupe na huo nimeung'oa. Wewe mwenyewe hata kutambaa bado, unarudi kinyumenyume kama lori linalotafuta nafasi kwenye foleni ya mpakani. Shule yangu iliishia sekondari mwaka wa pili. Lakini nimeona nisingoje mpaka niwe bibi ndipo nikuambie, maana mambo haya yananiwasha, na mimi kitu kikiniwasha siwezi kukaa nacho.

Tulikaa Sikuda, nje kidogo ya mji wa Busia, upande wa Uganda. Mama ni Mjapadhola wa Tororo, baba alikuwa Msamia, na Kiteso nilikiokota kwa majirani. Kwa hiyo kijana mmoja wa chuo kikuu, jina lake Owor, alipokuja kufanya utafiti wa chakula na magonjwa, akatafuta mtu wa kumtafsiria, wote walininyooshea kidole mimi. Nilifurahi! Nilivaa viatu vya kanisani siku za kazi. Nilijiona tayari nimeshakuwa daktari, bado koti tu.

Tulipita nyumba kwa nyumba, mpaka vyumba vya madereva wa malori mjini. Owor aliuliza, mimi nikageuza kwa Kisamia au Kiteso: wiki iliyopita umekula nyama, samaki, maziwa au mayai mara ngapi? Je, unaumwa? Kifua, presha, sukari, tumbo? Watu walijibu. Mmoja alimtazama mkewe kwanza. Mwingine alisema nyama anakula kila siku, na mtoto wake akacheka mpaka akafukuzwa nje. Tulifika na kwetu pia. Mama alijibu vizuri, akiwa amejifunga leso mpya kwa heshima ya mgeni.

Owor akaenda zake, kisha akarudi kutupa majibu, kwa sababu ni mtu muungwana, na wengi wakishapata walichokitaka hawarudi. Alisimama kanisani baada ya ibada, mimi pembeni yake, akasema kwamba katika nyumba alizotembelea, waliokula vyakula vya wanyama mara nyingi zaidi ndio walioonekana na maradhi zaidi. Hayo tu. Nikayatafsiri vizuri kabisa, neno kwa neno, shingo ndefu kwa majivuno, kisha nikakimbilia nyumbani kumwambia mama.

Maneno hayo yalipofika kisimani yalikuwa yamekuwa "nyama inaleta saratani." Yalipofika kwa vijana wa bodaboda yalikuwa "mayai ya Sikuda yana sumu." Na yalipozunguka yakarudi nyumbani, mama akaisukuma sahani.

Sikumwelewa. Nilimbembeleza, nikamkaangia mukene, wale dagaa wadogo ambao ukivuka mpaka wanaitwa omena. Hataki. Nikaleta maziwa. Hataki. Anakula muhogo na mboga za majani, anakunywa dawa zake, anafunga macho. Nikamwambia, "Mama, unataka kufa?"

Akafungua macho. "Nataka kuishi, Athieno. Ndiyo maana sili."

Mwanangu, neno hilo lilinitoa nje. Nilisimama uani, nikafagia pale nilipokwisha kufagia. Maana mtu mkaidi unaweza kumgombeza, lakini mtu anayejinyima chakula kwa sababu anapenda uhai, utamgombeza vipi?

Siku ya kliniki nilimsindikiza. Sista anayempa dawa alimpandisha kwenye mizani, akamteremsha, akampandisha tena kama mtu asiyeamini mizani yake.

"Mama Athieno, kilo zako umemwachia nani?"

"Ziko njiani, zinakuja," mama akasema. Anapenda utani hata akiwa hoi.

Sista hakucheka. Alimwambia mwili unaopigana na kifua unahitaji chakula cha kuujenga, mayai, samaki, maharage, maziwa, na akiendelea kupungua hivi atamrudisha wodini. Mama akaitikia ndiyo, sista, ndiyo, sista. Tulipofika nyumbani akapika muhogo.

"Sista ni mmoja," akaniambia. "Yule kijana ameuliza kijiji kizima."

Basi nikashindwa kukaa. Nikitwanga naacha nusu, nikichota maji namwaga nusu njiani. Nikaamua kwenda Osukuru, upande wa Tororo, ambako Owor alikuwa akikaa kwa mjomba wake chini ya vile vilima wanakochimba mawe ya kutengenezea mbolea. Mwenye boda akaniuliza, "Dada, Osukuru unafuata nini, mbolea? Hata gunia huna?" Nikamwambia nafuata mayai. Akaniona sina akili, akaongeza mwendo.

Owor nilimkuta anafua shati. Nilimwaga yote bila hata kusalimia vizuri. Aliacha shati ndani ya beseni, akakaa juu ya jiwe, povu linamkauka mikononi.

"Sikusema mayai yana sumu," akasema.

"Najua. Mimi ndiye niliyekusemea."

"Nilisema vinaonekana pamoja. Sikusema hiki kinaleta kile."

"Kaka Owor, kanisani nani anasikia hayo? Watu wana njaa, ibada imechelewa."

Alikwangua povu lililokauka mikononi. Kisha akaniambia turudie ile safari yetu kwa mdomo, nyumba moja moja. Nyumba ya kwanza tulimkuta nani? Mzee mwenye miguu iliyovimba. Wanawe? Shambani. Nyumba ya pili? Mama aliyejifungua kwa shida, bado kitandani. Wanaume wa nyumba ile? Mpakani, wanapakia malori. Tukaenda hivyo, na kila tulivyokwenda ndivyo uso wake ulivyobadilika. Tulikuwa tunakwenda mchana, mwanangu. Wenye afya walikuwa kazini. Tuliwahoji waliobaki nyumbani, na wengi wanaobaki nyumbani mchana kuna kitu kinawauma.

"Na wale madereva wa malori mjini," nikasema, "wenye presha. Wanakula nyama choma, kweli. Lakini na soda, na chipsi, na sigara, na kutwa wamekaa, na usiku hawalali."

"Hayo sikuyauliza," akasema taratibu. "Niliuliza nyama tu." Halafu akasimama. "Twende kwa mama yako."

Akavaa shati lenye maji, akapanda boda nyuma yangu.

Sasa hapa usinifuate mfano. Pikipiki haijasimama vizuri, mimi nimesharuka, naingia ndani napiga kelele: "Mama! Ule utafiti ni bure kabisa! Kula nyama, kula mayai, kula kila kitu!"

Mama alikuwa amekaa mkekani, anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Siku ile ulikuja mbio na maneno ya kanisani," akasema. "Leo umekuja mbio na maneno ya pikipiki. Miguu ni ileile. Keti."

Nikaketi. Owor naye akaketi, shati linadondosha maji sakafuni. Alimwamkia mama kwa heshima, kwa Kijapadhola chao, akaulizia kifua. Kisha akauliza swali moja, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu.

"Mama, kabla hujaanza kukohoa, mayai ulikuwa unakula?"

"Mayai yapi?" Mama akashangaa. "Kuku wangu walikuwa wanawatagia watu wa ng'ambo. Trei ikijaa, inavuka kwenda Busia ya Kenya. Mimi yai nilianza kulila siku sista aliponiambia nina kifua."

"Na mimi nilipokuja nikakuuliza kama unakula mayai."

"Nikasema kila siku."

"Nikauliza kama unaumwa."

"Nikasema..." Mama akaacha mboga. Akamtazama Owor, akanitazama mimi. "Ngoja. Kwenye karatasi yako mimi ni nani?"

"Mla mayai," Owor akasema, ameinamisha kichwa. "Mgonjwa."

"Na yule mzee jirani mwenye miguu? Yule kuku wa supu si walimchinjia baada ya kuvimba?"

"Naye pia."

Nani Sikuda asiyejua hili, mwanangu? Kwetu kuku hachinjwi kwa mtu mzima mwenye afya siku ya kawaida. Anachinjiwa mgonjwa, mzazi aliyetoka kujifungua na mgeni. Ukiingia nyumba ukasikia harufu ya supu, unauliza nani anaumwa. Sote tulilijua, Owor alilijua, mama yake alimlea hivyo hivyo, na bado tulipita kijiji kizima tukihesabu supu za wagonjwa, kisha tukaishtaki supu.

Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo. "Maskini mayai ya watu," akasema, "yamefungwa jela kwa ajili yangu!"

Kisha akawa makini tena. "Kwa hiyo nyama haina kosa?"

"Hilo sijasema, mama," Owor akajibu. "Labda ile ya kuungua, kila usiku, ina lake. Labda ya makopo ina lake. Sijui. Ninachojua ni kwamba maswali yangu hayakuweza kulijibu hilo, na Jumapili nitasema hivyo."

Na akasema kweli, mimi nikatafsiri, safari hii shingo fupi. Waliosikiliza walikuwa wachache kuliko mwanzo. Wapo mpaka leo wanaosema mayai yana sumu, na mwaka huu imeongezeka habari ya maziwa. Ndiyo maana nakuandikia sasa.

Sikiliza basi, mwanangu. Ukiambiwa utafiti umeonyesha, usitoke nao mbio, wala usiutupe jalalani. Keti kwanza. Uliza walihojiwa nani, na nani walikuwa shambani siku ile. Uliza kipi kilitangulia, ugonjwa au supu. Ukisikia "vyakula vya wanyama," uliza ni vipi, maana yai la mgonjwa na nyama choma ya dereva anayevuta sigara vimetiwa kapu moja na wala havifahamiani. Uliza wanaokula wanaishi vipi, mbali na kula. Na aliyekuletea majibu akikubali kusema "sijui," mpe kiti, huyo ni mtu wa kukaa naye. Lakini aliyeandikiwa chakula na mhudumu wake asikiache kwa maneno ya kisimani. Arudi kliniki akaulize, hata mara mia. Na wewe, ukiwa unampenda mtu, usitake kumshinda kwa kelele. Hofu yake nayo ni mapenzi ya uhai.

Mungu akupe mwili wenye nguvu na moyo usioona haya kuuliza. Akupe njaa, na cha kuishibisha. Ukivuka mpaka uvuke salama, ukirudi utukute. Na siku moja, ndoto yangu hii usiicheke, uwe wewe ndiye unayepita nyumba kwa nyumba na maswali, na uyaulize yote.

Jioni ile, Owor alipoondoka, nilichemsha yai lingine nikamwekea mama kwenye sahani ileile, na kijiko. Aliliangalia kama mtu anayeangalia daraja jipya.

"Usinitazame," akasema. "Toka nje."

Nikatoka, nikashusha pazia la mlango, nikasimama kando ya ukuta. Muda ukapita, hakuna kitu. Nikajizuia kuchungulia. Halafu nikasikia kijiko kinagonga bati, kidogo tu, kikanyamaza, kikagonga tena.

Uani palikuwa na kuku mmoja tu aliyebaki, anaparua. Nikachota kiganja cha nafaka ya wimbi kwenye ungo, nikamwagia.